KIA hadi Dar kwa ndege: umbali na muda

Shikamoo dada. Umeuliza KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hadi Dar ni umbali gani na mama atakaa angani muda gani. Ni kama kilomita 450 za anga, takribani saa moja. Ndege ya pangaboi huzidi kidogo. Kwa basi kutoka Moshi siku nzima inaisha barabarani.

Ila kabla ya yote, angalia tiketi yake. Herufi JRO ndiyo KIA. Ikiwa imeandikwa ARK, huo ni uwanja wa Kisongo, ng'ambo ya pili ya Arusha mjini, zaidi ya kilomita 50 kwa barabara. Shangazi yangu alifika KIA na begi lake na kikapu cha parachichi, kumbe ndege yake iko Kisongo. Alilia pale nje, nami nililia naye.

Kama anakuja na Hiace, itamshusha njia panda ya KIA; kutoka hapo bado kuna kilomita kadhaa hadi uwanjani, hivyo mtafutieni bodaboda au teksi mapema. Afike saa mbili kabla ya ndege kuruka. Na mwombeeni kiti cha dirishani upande wa kushoto, mawingu yakikubali ataiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro.