Kizazi, rika, hirimu: nyie wa 98 mjiite nani?

SWALI: Asalaam alaykum Mwalimu. Mie niko Wete, Pemba, tuna grupu letu la WhatsApp la watu tuliomaliza kidato cha nne pamoja mwaka 1998 na Idi ijayo tunataka kukutana, tuchape na fulana. Mie niliandika "Kizazi cha 98", mmoja akasema hapana hiyo ni "Rika la 98", mwengine akaja na "hirimu" watu wakamcheka siku mbili. Binti yangu nae ananambia mama nyinyi ni Milenia sie ni Jenzii, kila kizazi kina miaka yake na kuna chati. Sasa kizazi ni nini hasa, kina miaka mingapi, na fulana tuandikeje?

JAWABU: Waalaykum salaam. Nikwite dada, mana kama umemaliza 98 basi mie na wewe hatuachani sana, na huko kukuita dada badala ya mwanangu tayari ni nusu ya jawabu.

Nianze na kizazi, hichi ndo kinachowachanganya watu. Neno limetoka kwenye kuzaa, na limeundwa vile vile kama kaa ilivyotoa makazi na vaa ikatoa vazi, basi zaa nayo ikatoa mzazi, uzazi, kizazi. Zamani kitenzi hichi kilikuwa na L katikati ikamezwa, lakini haikupotea, we sema zaliwa, sema mzalia, hiyo hapo inachungulia. Kwa hivyo kizazi kwao ni tumboni, si kwenye kalenda. Ndo mana mpaka leo mtu akienda hospitali anasema nina maradhi ya kizazi, na mama wa watoto saba anakwambia mie nshafunga kizazi, na hakuna hata mmoja anaefikiri kawafungia ndani watu waliozaliwa baina ya mwaka fulani na mwaka fulani.

Kutoka hapo tumboni neno likapanda ngazi. Mimi, mwanangu, mjukuu wangu, kitukuu, kilembwe (baada ya kilembwe kila ukoo una neno lake na kila mmoja anaapa la kwake ndo sahihi, tusiingie huko). Kila daraja ni kizazi. Na ukiangalia vizuri hapo hamna mwaka hata mmoja, kuna nani kamzaa nani basi.

Nikupe kitu nilichokiona kwa macho yangu. Tulikuwa harusini Kikwajuni, sinia ya biriani iko mbele yetu, tumekaa wanaume watano na katoto kamoja ka miaka kumi na moja hivi, kofia imemzidi kichwa imeshuka mpaka masikioni. Jamaa mmoja pale, mtu mzima, ndevu zishaingia mvi, akamgeukia yule mtoto kwa adabu zote akamwambia, "Ami, nipitishie maji." Na mtoto akampitishia bila kucheka, kama mtu aliyezoea cheo. Mie nikadhani ni masihara. Kumbe babu yake yule jamaa alioa tena uzeeni akapata mtoto wa mwisho, kwa hivyo huyu wa kofia ni ndugu wa baba yake, baba mmoja. Haikwisha hapo, mara akaja binti wa yule jamaa, ana kama miaka tisa, kamshika mtoto mkono anamvuta, "Babu! Babu twende nje wanatoa haluwa!" Na babu akaacha biriani akakimbia.

Sasa hapo ndo uone. Yule mtoto kwa kizazi yuko daraja mbili juu ya yule msichana, babu yake kabisa, siku msichana huyo akiolewa, huyu wa kofia ataitwa kwenye kikao cha wazee. Kwa rika wako sawa, wanakimbilia haluwa moja. Ukichanganya maneno haya mawili hiyo hadithi huwezi hata kuihadithia.

Rika ni watu waliokwenda pamoja. Mliingia kumbini kutahiriwa siku moja, mlikaa mkeka mmoja chuoni kwa maalimu, mlipigwa bakora moja skuli, nyie ni rika. Neno hili tunalo Wabantu wengi, Wakikuyu kule Kenya wanasema riika na kwao lilikuwa jambo kubwa zaidi, waliotahiriwa wakati mmoja walipewa jina la tukio la mwaka ule na wakabaki nalo mpaka uzeeni. Sie hatukufika huko lakini maana ile ile tunayo, ndo mana mtoto akimjibu mkubwa ovyo anaambiwa "mie rika lako?" haambiwi mie kizazi chako, mana pengine ni kizazi chake kweli na ndo anamgomba.

Na tafadhali semeni rika letu, si rika yetu, ni kama tunda letu, jina letu. Wingi ni marika. Barazani utasikia "marika zangu", mie siwagombi, mana wanasema kama wanavyosema rafiki zangu. Ila kuna lika, hii naikuta kila siku kwenye komenti, "vijana wa lika langu", hapana jamani, lika ni kitu kinacholiwa kikalika, kama muhogo.

Huyo aliyesema hirimu mmemuonea, mumuombe radhi. Hirimu ni neno letu la zamani na wazee wa Unguja na Pemba bado wanalo, "yule hirimu yangu", yaani umri wetu mmoja. Mie naona linaelekea zaidi kwenye umri wenyewe kuliko kundi. Mtu anaweza kuwa hirimu yako na hujawahi kumuona, yuko zake Makunduchi, ila rika lako unalijua kwa majina na nani alikuwa anaiga mtihani.

Haya, tuje kwa binti na chati yake. Chati ipo kweli. Imeanzia Marekani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha 1945 askari walirudi makwao wakaoa wakazaa kwa wingi usio wa kawaida, toka 1946 mpaka 1964, wale wakaitwa Baby Boomers kwa sababu walikuwa wengi mpaka skuli hazitoshi. Waliofuata wakaitwa X, na baada yao majina yakawa yanatolewa tu kila ikipita kama miaka 15 au 16, na wafanyabiashara wameyapenda sana mana yanawasaidia kujua wamuuzie nani nini. Mipaka inayotajwa zaidi ni ya kituo cha utafiti cha Pew cha huko huko Marekani: Milenia ni wa 1981 mpaka 1996, Jenzii wa 1997 mpaka 2012. Kwa hivyo we dada uliemaliza 98, kama umezaliwa 1981 au baada yake umeingia Milenia kwa mlango wa mbele, binti hakukosea hesabu. Ila Pew wenyewe wamesema mipaka hii si msumari, na mwaka 2023 wakatangaza watakuwa waangalifu zaidi kuyatumia majina haya. Neno Jenzii kwenye Kiswahili lilipata nguvu hasa Juni 2024 vijana wa Kenya walipoingia barabarani kuupinga mswada wa fedha, toka hapo hata bibi yangu analijua, ingawa yeye anadhani ni jina la chama.

Tatizo si chati, tatizo ni kuiita kizazi. Kwa maana ya asili hawa ni rika, rika kubwa sana la watu wasiojuana. Lakini sitakudanganya nikakwambia useme "rika la Jenzii", umechelewa na mie nimechelewa, kizazi kimeshashinda. Na hakikushinda jana, unakumbuka redio zilipoanza kusema muziki wa kizazi kipya? Basi hapo ndo neno lilipotoka tumboni likaingia studio. Ile Bongo Fleva, na kwetu Zenji Fleva, iliitwa hivyo kwa sababu walioimba walikuwa vijana, na wale vijana wa kizazi kipya leo wanapaka hina ndevuni, kizazi bado kinaitwa kipya.

Ila ukitumia kizazi kwa maana hii kumbuka bado ni neno la KI-VI. Kizazi hichi kinapenda simu, au vijana wa kizazi hichi wanapenda simu, chagua moja, usiseme "kizazi zetu" wala "kizazi hawa", masikio yanauma. Majenzii wakiwa watu basi wanakuja, wanaondoka, kama madereva.

Umeuliza miaka mingapi. Hapa inategemea unamuuliza nani, na mie kinachonivutia ni kwamba sie tuna vipimo vyetu tunavyovisikia kila Ijumaa na hatuvifikirii. Khatibu anaposoma hadithi ile ya Mtume (s.a.w.), watu bora ni wa karne yangu, kisha wanaowafuatia, kisha wanaowafuatia, wengi wetu tukisikia karne akili inakwenda kwenye miaka 100, mana kwa Kiswahili karne ni hiyo. Lakini qarn ya Kiarabu ni pia watu wa zama moja, na hapo ndo ilipokusudiwa. Na watu hao wanagawiwaje? Sahaba ni aliyekutana na Mtume hali ya kuwa muislamu na akafa muislamu. Tabiina ni aliyekutana na sahaba. Tabii tabiina ni aliyekutana na huyo. Kalenda haimo kabisa! Kipimo ni nani ulimuona kwa macho yako. Halafu Ibn Khaldun, yule msomi wa Tunis wa karne ya 14 (hapa karne ni miaka 100), yeye alipokuwa anaeleza dola zinavyopanda na kuanguka alihesabu kizazi kwa miaka 40 na akasema dola kwa kawaida haipiti vizazi vitatu. Wanaopiga hesabu za nasaba leo wanachukua miaka 25 mpaka 30, ule umri wa wastani wa mtu kupata mtoto. Umeona basi, 15, 25, 40, kila mmoja na rula yake.

Mwaka 1928, mwaka ule ule ambao mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, msomi mmoja Karl Mannheim aliandika huko Ujerumani kwamba kuzaliwa mwaka mmoja hakutoshi kuwafanya watu kizazi kimoja, mpaka wawe wamepitiwa na jambo moja wakiwa bado vijana, likawaumba. Mie namkubali, na mfano ninao hapa hapa. Desemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja tulikaa gizani miezi mitatu, waya wa umeme wa baharini uliharibika. Mtoto wa Unguja aliyekuwa na miaka kumi na mbili wakati ule anakumbuka madumu ya maji, moshi wa jenereta, vibatari, babake kafunga duka la aiskrimu. Mtoto wa Wete wa umri ule ule hana kumbukumbu hiyo, nyie mlikuwa na majenereta yenu, kwenu ilikuwa Desemba ya kawaida. Hirimu moja, kwenye chati wote Jenzii, ila waambie wahadithiane uone kama watafahamiana.

Wazee wetu walikuwa wanapima hivyo hivyo. Ukimuuliza bibi fulani kazaliwa lini atakwambia alikuwa ananyonya wakati wa Mapinduzi, au alikuwa anatambaa wakati wa foleni za chakula. Ofisi inataka tarehe, yeye anakupa tukio.

Na kwa kuwa tuko hapa hapa, hawa vijana wanaomwita "mhenga" kila aliyewahi kurudisha kaseti kwa kalamu ya risasi waache. Wahenga ni wale wa kale walotuachia methali. Mtu wa miaka 43 anaesuka mkeka wa maisha yake na mkopo wa pikipiki hajawa mhenga, kachoka tu.

Fulana sasa. Andikeni "Rika la 98", au "Marika wa 98" kama mnataka isikike watu badala ya kundi, zote mbili zinakubalika. Na kama mtu wenu kaenda kwa mchapaji kabla ya kuniuliza na zimeshatoka "Kizazi cha 98" basi zivaeni tu, ila angalieni isije kuwa katika wenzenu kuna aliyeolewa mapema akajifungua mwaka ule, mana kizazi cha 98 kwa Kiswahili kilichonyooka ni mwanawe, na fulana yake kairithi hata kabla hajaivaa mama.