Maswali ya Wasomaji: Go kwenye bodi ya RISC-V

Wahariri, salaam aleikum. Nimepata bodi ya VisionFive 2 (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye RAM ya GB 4. Nimesakinisha Go, lugha ya kuandikia programu, kwa maelekezo ya bodi nyingine, Raspberry Pi, na faili limefunguka bila shida, lakini nikiandika `go version` napata “cannot execute binary file: Exec format error”. Nimeuziwa bodi mbovu?
*Msomaji, Kisauni*

Waaleikum salaam. Bodi ni nzima, faili ndilo si lake. Ulichopakua ni arm64, yaani cha prosesa za ARM kama ya Raspberry Pi, na VisionFive 2 ina prosesa ya JH7110, ambayo ni RISC-V, usanifu ulioanzia Berkeley, Marekani, mwaka 2010. Maagizo ya ARM haiyaelewi. Hukuonywa mapema kwa sababu `tar` hufungua furushi lolote bila kuuliza ni la prosesa gani.

Andika `uname -m`. Jibu likiwa `riscv64`, futa ulichoweka kwanza: `sudo rm -rf /usr/local/go`. Usifungue jipya juu ya la zamani. Mabaki huchanganyika na kukuletea makosa yasiyo na kichwa wala miguu. Kisha nenda go.dev/dl, chukua faili linaloishia `linux-riscv64.tar.gz`, na ulifungue kwa `sudo tar -C /usr/local -xzf` ukifuatisha jina lake. Katika `~/.profile` ongeza mstari `export PATH=$PATH:/usr/local/go/bin`, utoke na kuingia tena. Safari hii `go version` imalizie kwa `linux/riscv64`.

Ikiwa bodi yako ina mfumo wa Debian 13, wa Agosti 2025, hayo yote huyahitaji. Hilo ndilo toleo la kwanza la Debian kuikubali riscv64 rasmi, na `sudo apt install golang-go` itakupa Go 1.24. Wa Ubuntu wabaki na 24.04: toleo la 25.10 linadai prosesa za kiwango cha RISC-V kiitwacho RVA23, na JH7110 haifiki huko.

Mimi nataka kuiunda Go mwenyewe kutoka kodi chanzo, palepale kwenye bodi. Kwanza iliniambia inataka Go nyingine. Nilipoipa, ikakatika njiani na “signal: killed”.
*Msomaji, Likoni*

Tangu toleo la 1.5 la mwaka 2015, kompaila ya Go (programu inayogeuza kodi kuwa maagizo ya prosesa) imeandikwa kwa Go yenyewe, kwa hiyo lazima uwe na ya kuanzia. Go 1.24 inahitaji 1.22.6 au mpya zaidi. Kama huna ya riscv64, itengeneze kwenye laptopu yenye Go: ingia folda ya `src` ya kodi chanzo, uandike `GOOS=linux GOARCH=riscv64 ./bootstrap.bash`. Itatokea folda `go-linux-riscv64-bootstrap`. Ihamishie kwenye bodi, elekeza `GOROOT_BOOTSTRAP` kwake, kisha endesha `./make.bash`. Achana na `all.bash`, ambayo huongeza majaribio yote. Kwenye kiini cha GHz 1.5 utasubiri sana.

“Killed” ni kerneli (moyo wa Linux) inayoua kazi kwa sababu RAM imekwisha. Ongeza swapu (nafasi ya diski inayoisaidia RAM) ya GB 4:

`sudo fallocate -l 4G /swapfile`
`sudo chmod 600 /swapfile`
`sudo mkswap /swapfile`
`sudo swapon /swapfile`

Iweke kwenye diski ya NVMe ikiwa unayo, maana kadi ya SD huchakaa upesi kwa kuandikwaandikwa. Punguza pia kazi za sambamba kwa `GOMAXPROCS=1`. Kwenye Debian 13 kuna mtego mwingine: `/tmp`, folda ya faili za muda, iko ndani ya RAM, hivyo “no space left on device” inaweza kutokea diski ikiwa tupu. Elekeza `TMPDIR` kwenye folda ya diski.

Hata hivyo, kama haja yako ni kuandika programu tu, kuunda Go ni kujitafutia kazi. Kompaili kwenye laptopu kwa `GOOS=linux GOARCH=riscv64 go build`, uhamishe faili moja. Angalizo: maktaba zinazotegemea C, kama go-sqlite3, hazitafanya kazi hivyo. Sakinisha kompaila ya C, `gcc-riscv64-linux-gnu`, halafu utangulize `CGO_ENABLED=1 CC=riscv64-linux-gnu-gcc`.

Programu niliyoikompaili kwenye laptopu inaanguka kwenye VisionFive 2 na “SIGILL: illegal instruction”.
*Msomaji, Majengo*

Andika `go env GORISCV64` kwenye laptopu. Ikisema `rva22u64`, hapo ndipo tatizo: kiwango hicho kinadai maagizo ya ziada yaitwayo Zbs, na JH7110 ina Zba na Zbb tu. Rudisha `rva20u64`, ukompaili upya.

Stima ikikatika na kurudi, `go mod download` inakataa: “certificate has expired or is not yet valid”.
*Msomaji, Tudor*

Saa ya bodi imerudi nyuma. Bodi nyingi za namna hii hazina betri ya saa. Angalia kwa `date`, kisha `sudo timedatectl set-ntp true` na usubiri intaneti iirekebishe.