Jibu: Majani ya kunde yanaota ukungu

Pole dada kwa majani ya kunde uliyoyakausha na kuyahifadhi kuota ukungu ndani ya wiki tatu. Naona uliyafungia kabla hayajakauka sawasawa. Safari ijayo, kabla ya kuyafungia, chukua jani moja ulikunje: likivunjika kwa mlio, tayari, likipinda tu, rudisha ukaanike.

Kabla ya kuanika, yachovye kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika 2 au 3, uyachuje. Ukijani utabaki. Na tafadhali usiyaanike juani moja kwa moja, jua kali linapunguza sana vitamini A. Kivulini penye upepo, juu ya wavu ulioinuliwa, ufunike na chandarua. Kama uko Pwani kwenye unyevunyevu, hapo tafuta kaushio la jua, yaani sanduku lililofunikwa linalokausha kwa joto la jua.

Yakishakauka na kupoa kabisa ndipo uyafungie kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana.