AC inapoa halafu inapuliza joto baada ya kubadilisha kompresa: usikimbilie kuongeza gesi

Mkuu, umesema gari ni Noah, uko Moshi, umebadilisha kompresa (pampu ya gesi ya AC) na kondensa (ile radieta ya AC ya mbele), fundi akaunganisha mtungi wa gesi palepale akajaza, na sasa ukitembea kama nusu saa inaanza kupuliza joto, ukizima kidogo inarudi kupoa. Wenzangu hapo juu wanakwambia ongeza gesi. Mimi nakuomba usiongeze kabisa, utaua hiyo kompresa mpya.

Kwanza angalia kitu kimoja, ikianza kuleta joto upepo unatoka na nguvu ileile au unafifia? Kama unafifia basi evaporeta (kile kipoza hewa kilicho ndani ya dashibodi) ndiyo inaganda barafu, kacheki filta ya ndani na sensa yake. Kama upepo uko vilevile ila wa moto, hapo nashuku kwanza unyevu, maana mfumo ulifunguliwa, hewa ikaingia na maji yake, na haikuvutwa kabla ya gesi kuingia. Yale maji yakifika kwenye eksipansheni valvu yanaganda kwenye katundu kadogo pale, gesi haipiti, ukizima barafu inayeyuka na AC inarudi, siku mbili tatu unaona kama ni jini. Na maji yakikaa na gesi na oili yanatengeneza asidi inayokula vyuma kwa ndani, ndo maana nasema usiache hivyo ukangoja mwisho wa mwezi.

Dawa yake ni kutoa gesi yote kwa mashine ya kuvuta, sio kuifungulia hewani, halafu weka draya mpya, yaani kile kichujio cha kunyonya maji kwenye gesi. Draya ukishaifungua hewani inanyonya unyevu hadi inajaa, kwahiyo usikubali kurudishiwa ya zamani (kwenye kondensa nyingi za sasa imekaa pembeni humohumo). Oringi mpya kila kiungo kilichoguswa, zipakwe oili ya kompresa, sio grisi. Oili nayo ni hesabu: mwaga ya kompresa ya zamani kwenye kikombe upime, hiyo ndo inakuongoza ya mpya iwe na kiasi gani, na uitazame rangi, ikiwa nyeusi ina vichembe vinavyometa kama pambo za kucha basi mabomba yote yaoshwe na eksipansheni valvu ibadilishwe. Wenye Aqua na Prius msiwekewe PAG ya kawaida (oili ya kompresa za mkanda), kompresa zile ni za umeme mkubwa, zina oili yake isiyopitisha umeme.

Sasa vakyumu, yaani kuvuta hewa na maji yote kwa pampu kabla ya kujaza, na hapa ndipo sisi wa huku tunachanganyikiwa. Vitabu na video zote zinasema geji ifike 29 (inchi za zebaki, chini ya sifuri). Hiyo ni ya usawa wa bahari, Dar au Tanga. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu, hewa yenyewe ni nyepesi, geji ya bluu (ya upande wa presha ndogo) itagota kwenye 25 hivi na haiendi mbele hata pampu ikiwa mpya, Moshi utapata kama 27. Nimekaa gereji moja pale Sakina nikiona fundi anafungua viungo upya anatafuta inapovuja, mshale umetulia 25 kama umegundishwa, wala haikuwa inavuja. Cha kuangalia ni hiki, acha pampu ivute dakika 45 au zaidi, funga valvu za geji, zima pampu, subiri nusu saa, mshale usirudi. Ukirudi ndo upake povu la sabuni kwenye viungo mfumo ukiwa na presha ya naitrojeni, sio oksijeni ya welding tafadhali, oksijeni na oili zinalipuka.

Kujaza ni kwa mzani, mkuu, kwa mzani! Chini ya boneti kuna stika inaandika gramu, na Noah yenye AC ya nyuma inakula nyingi kuliko isiyonayo kwahiyo usichukue namba ya gari ya jirani. Kujaza kwa kuangalia geji peke yake kunadanganya sana huku, asubuhi ya Julai presha inashuka yenyewe sababu ya baridi, fundi anaona gesi ndogo anaongeza, Januari ukishuka Moshi na jua lile presha ya juu inapanda hadi kompresa inakata. Injini ikiwa inawaka jaza upande wa bluu tu, mtungi umesimama wima, ukiupindua kimiminika kinaingia kwenye kompresa na chenyewe hakikandamiziki. Ile nyekundu (ya presha kubwa) isifunguliwe kabisa injini ikiwaka, mtungi unaweza kupasuka. Mtungi ukipoa na kugoma kutoa, uweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu, usiupashe na moto.

Kabla hujaenda nitajie stika imeandika gramu ngapi, na kama feni ya kondensa inawaka ukiwasha AC, hilo la feni hujalisema.