Usinunue rangi, Mwalimu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Tabora, mwakani nastaafu. Natafuta mashua ya tanga ya kunitoa Kigoma hadi Kasanga, taratibu, nikilala ufukweni njiani, na baadaye nivuke mpaka Mpulungu, Zambia. Pale Katonga nimeonyeshwa mashua ya mbao ya futi 26. Ni ya zamani, ila mwenyewe ameivisha faiba nje yote na kuipaka rangi upya. Anasema haivuji tena na itadumu miaka ishirini. Bei yake inamaliza karibu pesa yote niliyotenga. Niichukue? Na tanga liwe la ukubwa gani?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Usiichukue kwa bei hiyo, wala kwa bei yoyote kabla hujaiona kwa ndani. Tanga nitaligusa kidogo tu, maana mzigo wote wa swali lako uko kwenye hilo neno "ameivisha".

Mashua za aina hii naletewa kila mara, na kwa kawaida mnunuzi anakuwa ameshalipa. Sina ugomvi na faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya resini. Boti iliyotengenezwa kwa faiba tangu mwanzo ni boti nzuri. Ugomvi wangu ni faiba inayobandikwa juu ya mbao kuukuu. Mbao ikilowa huvimba, ikikauka husinyaa, lakini ganda la faiba haliifuati. Tena mbao hiyo imekunywa mafuta, lami na maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya mashua, kwa miaka. Resini itashika wapi? Miezi ya mwanzo inapendeza. Baadaye ganda linaachia kwenye kingo, maji yanaingia katikati na hayana pa kutokea, mbao inaozea humo ndani huku rangi inang'aa. Ni kumvisha mgonjwa kanzu mpya.

Ukimwambia hivyo muuzaji atakujibu kwamba ziwa letu ni maji baridi, hayali mbao. Hapo ndipo subira inaniishia. Ni kweli yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao hayupo Tanganyika. Lakini chumvi nayo haipo, na chumvi ndiyo inayosaidia majahazi ya pwani kuzuia ukungu unaoozesha mbao. Ukungu huo hutaka unyevu na hewa kwa pamoja. Ndiyo maana mbao iliyo chini ya maji muda wote huweza kudumu, na ya juu, inayonyeshewa kisha ikakauka nusunusu, ndiyo inayokwisha. Watu huinama kukagua tumbo la mashua, kumbe maradhi yako juu: vichwa vya mataruma (mbavu za mashua), chini ya ukingo, pembe za omo (mbele) na tezi (nyuma) zinakotuama mvua, na pale mguu wa mlingoti unapokaa. Wengine hunitajia Liemba, ile meli kongwe ya ziwa letu, kwamba ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Liemba ni chuma, na Wajerumani walipaka mitambo yake grisi nzito kabla ya kuizamisha. Mfano huo hauihusu mashua ya mbao.

Kwa hiyo nenda Katonga na bisibisi na nyundo ndogo. Ng'oa mbao za sakafu. Gonga taruma moja moja. Zima hulia kavu, bovu hulia butu. Choma bisibisi kwenye vichwa vya mataruma: ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, hiyo imekwenda. Tazama vichwa vya misumari pia. Mbao ikiwa nyeusi na laini kuvizunguka, kutu imeanza kuila, na msumari mpya hautashika mahali pale. Mninga unaujua vizuri, wewe mtu wa Tabora. Mashua ya mninga yenye mataruma mazima na mshono unaovuja naipenda kuliko hiyo iliyovishwa. Mshono hutiwa kalafati, yaani pamba ya kuziba nyufa, ukapona.

Halafu kuna safari yenyewe. Kigoma hadi Kasanga ni zaidi ya kilomita 400, na kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi hukupiga usoni. Utabisha, yaani utakwenda kwa kukata upepo mshazari huku na huku, siku nyingi. Mashua isiyo na mkuku (uti wa chini wa mashua) wa kutosha itateleza ubavuni, mtabishana na upepo mkikitazama kijiji kile kile. Mashua ya futi 26 ina foromali, ule mti unaobeba tanga, nzito kwa mtu mmoja na msaidizi. Tafuta ya futi 20 au 22. Tanga hupimwa kwa upana wa mashua, farumi (uzito wa kuituliza mashua) na mlingoti, si kwa urefu peke yake, na lishonwe liweze kupunguzwa upepo ukizidi. Turubai la kufunikia mahindi halifai. Nusu ya pesa yako ibaki kwa tanga, kamba, nanga na maboya ya kujiokolea. Kamba ya nanga iwe ndefu sana, maana upande wa Mahale mlima huingia ziwani wima, hatua chache tu kutoka ufukweni unakosa chini.

Nawaambia na wengine, kwa sababu mchezo huu sasa umekuwa biashara. Kuna mafundi wa siku tatu wanaokoroga resini na unga wa randa, wanaziba tundu la kupitisha ngumi, wanapaka bluu na nyeupe, jioni mashua ina jina jipya. Wengine hupaka oili chafu na kuiita dawa ya mbao. Mashua hizo hubeba abiria na watoto wao. Muuzaji akikataa bisibisi isiguse mataruma, msibishane naye, ondokeni. Omba pia kuona cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalokagua vyombo vya majini, na ulinganishe tarehe yake na siku faiba ilipobandikwa. Na ninyi mliokwisha kuvisha zenu, kateni kipande cha faiba ukubwa wa kiganja karibu na tezi, juu ya mstari wa maji, muone mbao ilivyo. Fanyeni hivyo kabla mvua za Novemba hazijaanza, ili kama kuna taruma la kubadilisha, mbao mpya ipate kukauka.