Nimechoka Kutumika: Je, Imani Yangu Imekufa?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa shule ya Jumapili na kuwatembelea wagonjwa wa ushirika wetu. Siku hizi ninaomba kwa midomo tu, vijana kadhaa niliowalea wameliacha kanisa, na wale tulioanza nao huduma wamejitoa mmoja baada ya mwingine. Ninaogopa kumwambia mtu, nisije nikahesabiwa kuwa nimerudi nyuma. Je, imani yangu imekufa? Je, niache huduma? (Msomaji aliyechoka)

JIBU: Dada yangu mpendwa, asifiwe milele. Barua yako haisomeki kama ya mtu aliyemwacha Mungu, kwa maana aliyemwacha hahuzuniki kwamba maombi yake yamekauka. Katika Zaburi ya 88, mwombaji anamlilia Bwana mchana na usiku, na zaburi inakwisha akiwa bado gizani, pasipo hata mstari mmoja wa furaha. Kanisa limeihifadhi zaburi hiyo kama sala halali. Basi na wewe, maneno yasipokuja, isome mbele za Mungu kama ilivyo, wala usijilazimishe kuongeza shangwe usiyokuwa nayo.

Ningependa tukae kidogo na Eliya katika 1 Wafalme 19, kwa sababu wengi wetu tunaikumbuka sauti ndogo ya utulivu na kuyaruka yaliyotangulia. Nabii huyo alikuwa ametoka kuwashinda manabii wa mungu wa uongo Baali katika mlima Karmeli. Lakini malkia Yezebeli alipoapa kumwua, alikimbia hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Malaika alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha mara ya pili, akimwambia kwamba safari ile ilikuwa kubwa mno kwake. Ni baada ya chakula, usingizi na mwendo wa siku 40 hadi Horebu, mlima wa Mungu, ndipo alipoulizwa, “Unafanya nini hapa, Eliya?” Naye aliposema kwamba amesalia peke yake, aliambiwa kwamba wako watu 7,000 katika Israeli ambao hawakumsujudia Baali, akatumwa kumtia mafuta Elisha, ambaye tangu siku ile alimfuata na kumhudumia.

Ninakusihi ulitazame jambo hilo kwa makini, kwa kuwa ndilo jibu langu kwako: Mungu alimpa mtumishi wake aliyevunjika moyo pumziko, kisha akampa mwenzake. Ndivyo alivyofanya hata kwa Musa katika Hesabu 11, aliposema hawezi kuwachukua watu wote peke yake, akapewa wazee 70 wa kuubeba mzigo pamoja naye. Hata Paulo, ambaye hutajwa kana kwamba hakuwahi kuchoka, anawaandikia Wakorintho kwamba kule Asia, jimbo la Kirumi katika Uturuki ya leo, yeye na wenzake walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi, na baadaye anakiri kwamba Mungu alimfariji kwa kuja kwake Tito.

Kuhusu vijana walioondoka, sina ahadi ya kukupa kwamba utawaona wakirudi. Mmisionari Mwingereza William Carey alifika Bengal, India, Novemba 1793, akamzika mwanawe Peter mwaka uliofuata, akamwona mkewe Dorothy akiugua akili, na hakumbatiza mwongofu Mhindu hadi Desemba 1800. Mtu huyo, seremala Krishna Pal, aliwakaribia wamisionari alipoteguka bega, na aliyelirudisha bega hilo ni daktari John Thomas, mwenzake Carey. Kazi ya mmoja ilikamilishwa na mkono wa mwingine, nami naamini mafundisho uliyowapa vijana wako yanaweza kukutana na mikono usiyoijua.

Usiache huduma yote kwa siku moja, wala usiendelee kuibeba yote. Mwendee mchungaji wako, mweleze waziwazi kama ulivyonieleza mimi, umwombe mtu wa kushika darasa kwa muda. Mambo ya wagonjwa mnaweza kugawana. Katika kipindi hicho usikose ibada, hata kama utaketi tu ukiwasikiliza wengine wakiimba, kwa kuwa anayepumzika mbali na ushirika huona vigumu zaidi kurudi. Tafuta pia dada mmoja mkomavu wa imani, mwenye kutunza siri, muombe pamoja kila juma. Na kama usingizi umekutoka, chakula hakipiti, au unatamani kufa kama Eliya alivyotamani, mwambie mtu wa karibu leo hii na umwone daktari bila kuchelewa. Kufanya hivyo hakupunguzi imani yako hata kidogo, wala mchungaji mwema hatakuhesabia kuwa umerudi nyuma.