Barua kwa mwanangu: anza na kinachoshika, kitambaa baadaye

Mwanangu mpendwa,

Huku Tanga sote wazima, baba yako anakusalimu na mdogo wako anasema usisahau viatu vyake. Meseji yako nimeisoma na nikaona nisikujibu kwa voisi, manake hapa dukani watu wanaingia na kutoka kufuata nguo zao, bora nikae chini niandike. Umeniuliza mambo mawili, kwamba kabla ya hizi pedi za dukani wanawake walikuwa wanavaa nini, na ni nani hasa alianza kubuni nguo ya hedhi ya kuvaa, kufua na kuvaa tena, kwa sababu wewe na wenzako hapo Dar mnataka kushona za kuuza na huko mtandaoni kila mtu anasema lake. Swali zuri sana hilo, na kwa kweli nimefurahi umeniuliza mimi.

Nianze na hilo la pili kwa sababu naona ndo limekuchanganya. Umenitumia picha ya mama mmoja Mmarekani mweusi, Mary Kenner, na maandishi kwamba yeye ndiye aliyevumbua pedi. Hapana mwanangu, na mtu ukimpa sifa isiyo yake unamnyima ile iliyo yake. Pedi za kutupa zilishauzwa kabla Mary hajazaliwa, kampuni ya Johnson & Johnson ilitoa za kwake mwaka 1896 zikiitwa Lister's Towels, na Mary amezaliwa 1912 huko North Carolina. Hata mikanda ya kushikia kitambaa cha hedhi ilikuwepo Marekani na Ulaya tangu karne ya 19, watu walishaichukulia hataza, yaani ile karatasi ya serikali inayosema wazo hili ni la fulani, mwingine asilitumie bila ruhusa. Mary aliikuta hiyo mikanda ikiwa inasumbua, akakaa akaifikiria upya, na kazi ya namna hiyo mimi naiheshimu pengine kuliko ya yule wa kwanza. Nitakueleza kwa nini, lkn kwanza nikupeleke nyuma kidogo.

Hapa nataka uangalie kwa jicho la fundi. Sisi leo tunaona chupi ni kitu kilichokuwepo siku zote, kumbe wenzetu wa Ulaya na Marekani karne ya 19 nguo zao za ndani zilikuwa suruali pana za kitambaa ambazo katikati hazikushonwa, miguu miwili imeunganishwa kiunoni tu na huku chini kuko wazi, ili mtu akiwa na magauni yake mazito na sketi za ndani tabaka kwa tabaka aweze kwenda haja bila kuvua kila kitu. Sasa niambie, kitambaa utakiweka wapi? Hakuna pa kukilaza, hakuna kinachokibana mwilini. Ndo maana michoro ya zamani ya vifaa vya hedhi ukiitazama yote imejaa mikanda, kamba, ndoano na vifungo, manake tatizo lao kubwa lilikuwa kushika. Cha kunyonya kilikuwepo tele, mashuka ya zamani, flana, vitambaa vya nepi vilivyokunjwa, kila nyumba ilikuwa navyo. Ila ukitembea, ukipanda ngazi, ukiinama, kinakaa pale pale au kinahama? Hilo ndo lilikuwa swali.

Pini ya usalama ilichukuliwa hataza 1849 na bwana mmoja anaitwa Walter Hunt, na wanawake wakaitumia sana kubania kitambaa kwenye mkanda, mbele pini moja na nyuma moja. Kabla kidogo ya hapo Charles Goodyear alishapata hataza ya kuupika mpira ili usiyeyuke kwenye joto wala usikatike kwenye baridi, hiyo ni 1844, na baada ya hapo ule mpira ukaingia mpaka kwenye nguo za ndani. Wakatoa aproni za mpira, mtu anaifunga kwa nyuma chini ya sketi, yenyewe hainyonyi chochote, kazi yake ni kwamba ukikaa kwenye kiti gauni lisichafuke. Baadaye zikaja bukta za hedhi zenye kipande cha mpira kilichoshonewa katikati. Zilikuwa zinauzwa kwenye makatalogi, mwanamke anaagiza kwa posta na hakuna anayejua. Mimi hizi za mpira sizipendi kabisa na nakwambia wazi, mpira haupumui, joto linajifungia humo humo, jasho, harufu, ngozi inachubuka, na hao walikuwa na nchi za baridi, sembuse huku kwetu mwezi wa pili. Utaniuliza kwa nini nalisema kwa ukali hivi, ni kwa sababu hivi vitambaa vyenye plastiki nyuma mnavyotaka kununua Kariakoo ni wazo lile lile, ni bora kuliko mpira lkn ukikiweka kipana kupita kiasi utampikia mtu ngozi.

Huku kwetu habari ilikuwa nyingine kidogo. Bibi yako alikuwa anatumia kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imelainika, anachana kipande, anakikunja, anakipitisha katikati na kukichomeka mbele na nyuma kwenye kamba aliyofunga kiunoni, kupiga uwinda hasa. Mimi alinifundisha hivyo hivyo na somo wangu, yaani kungwi aliyenifunda, akasimamia, namna ya kukunja, namna ya kukaa, maji baridi kwanza ndo sabuni baadaye, manake ukianza na maji ya moto damu inaganda kwenye kitambaa na doa halitoki tena. Sasa ukiangalia vizuri hiyo kamba ya bibi yako na mkanda wa Mmarekani ni fikra moja, kiuno ndo kinabeba, kitambaa kinaning'inia hapo. Hakuna aliyemwiga mwenzake, mwili ni ule ule na shida ni ile ile.

Tukirudi kwa hao wenzetu, vita vya kwanza vya dunia vikaja na manesi wakagundua bandeji zilizotengenezwa na nyuzi za miti zinanyonya damu kuliko pamba, wakazitumia na kwenye siku zao. Kampuni ya Kimberly-Clark iliyokuwa inatengeneza hizo nyuzi ikaanza kuuza pedi za Kotex karibu na 1920. Aibu ilikuwa kubwa mpaka madukani wakaweka boksi la hela pembeni, mwanamke anachukua pakiti yake anadumbukiza pesa anaondoka bila kuongea na muuzaji, na wewe unajua hapa kwetu mpaka leo kuna maduka wanakufungia pedi kwenye gazeti kama unabeba kitu cha wizi. Ila sikiliza hapa: hiyo pedi ya kutupa bado ilikuwa inahitaji mkanda! Ilikuwa na mikia miwili mirefu, mbele na nyuma, unaipitisha kwenye klipu za chuma za mkanda wa lastiki. Kwa hiyo kwa miaka kama 50 kitu cha kununua na kutupa kiliishi kwa kutegemea nguo ya kufua na kurudia, na hiyo nguo ndo ilikuwa mbovu, klipu zinachoma mfupa wa nyuma, lastiki inajikunja, pedi inasogea mbele au nyuma na mtu anavuja.

Hapo ndo anaingia Mary. Kazaliwa kwenye familia ya wavumbuzi, baba yake alikuwa na hataza ya kifaa cha kunyooshea nguo, na yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka sita mlango wa nyumbani ulikuwa unapiga kelele akataka kubuni bawaba inayojitia mafuta yenyewe. Familia ikahamia Washington 1924 na inasemwa alikuwa na mazoea ya kwenda kwenye ofisi ya hataza kuangalia kama mawazo yake yameshachukuliwa na mtu. Akaingia chuo kikuu cha Howard akakaa mwaka mmoja na nusu hivi, pesa ikakatika, akaacha. Wazo la mkanda alilipata akiwa bado msichana lkn kuchukua hataza ni gharama, hakuwa nayo, akafanya kazi, wakati wa vita vya pili akawa mwajiriwa wa serikali, baadaye akafungua maduka ya maua, na ni 1954 ndo aliomba hataza yake ya kwanza, akapewa 1956. Fikiria mtu amelibeba wazo moja kichwani miaka yote hiyo kwa sababu ya ada.

Mkanda wake unarekebishika, maana yake mvaaji mwenyewe anauvuta au kuulegeza mpaka ukae kwenye mwili wake, badala ya mwili kulazimishwa uufuate mkanda. Halafu 1959 akapata hataza nyingine, safari hii mkanda una mfuko usiopitisha unyevu, pedi inawekwa humo. Mwanangu huo mfuko nimeufikiria sana. Tangu mwanzo hizi nguo zina kazi tatu, kushika, kunyonya, na kuzuia isipite. Wale wa bukta za mpira waliigandisha ya kushika na ya kuzuia kwenye nguo moja nzito isiyopumua. Yeye kazitenganisha, mkanda unashika, mfuko unazuia, kinachonyonya kinaingia na kutoka peke yake. Hata kama hukumbuki kingine kwenye barua hii, hilo la kazi tatu liandike ukutani hapo mnaposhonea.

Kuna kampuni ilisikia habari za mkanda wake ikamtafuta inataka kuutengeneza, na alisimulia mwenyewe jinsi alivyofurahi, akaona nyumba na magari yanakuja, wakatuma mtu Washington kuonana naye, walipoona ni mweusi wakaghairi. Basi. Hataza zina muda wake, muda ukaisha, wazo likawa la kila mtu, na yeye hakupata utajiri wowote kwa mkanda ule. Aliendelea kubuni, akafikisha hataza tano, moja ni ya kishikio cha karatasi ya chooni na nyingine ni ya kitu cha kufunga kwenye fremu ya kutembelea ya mgonjwa ili aweze kubeba vitu vyake. Akafariki 2006. Mimi jambo hili linaniuma kila nikilikumbuka, na ndo maana sitaki aandikwe kwa uongo wa "alivumbua pedi", kwa sababu atakuja mtu kusema si kweli na watatupa yote pamoja na ile kweli.

Mkanda wenyewe ulikufa kwa sababu ya chupi. Nguo za ndani zilishakuwa za kubana, na 1958 maabara ya DuPont ikatoa spandex, ile nyuzi inayovutika kuliko lastiki ya mpira, zikazidi kushika mwili vizuri, na ikifika 1969 na 1970 zikatoka pedi za Stayfree na New Freedom zenye gundi nyuma. Gundi peke yake isingefaa kitu kwenye zile suruali zilizo wazi katikati, unaona? Kinachoshika kilibadilika kwanza, pedi ikafuata.

Kwa hiyo sasa kwenye mradi wenu. Najua kwa nini mnataka za kufua, pedi za kutupa kila mwezi ni hela, na hiyo kodi ya VAT iliondolewa 2018 mwaka uliofuata ikarudi. Majirani zetu Uganda, kampuni ya pedi za kufua inaitwa AFRIpads, wameanza 2010 huko Masaka na wameonyesha kwamba mafundi wa kijijini wanaweza kushona kitu kizuri cha kudumu, zao zina mabawa yanayofungwa chini ya chupi kwa kifungo. Nunua moja uifumue uone ndani, hiyo ndo shule. Lkn nyie mnataka kushona chupi yenyewe ya hedhi, na ile sampuli uliyonionyesha kwenye picha imejaa tabaka zimeshonwa pamoja pande zote. Itachukua siku mbili kukauka, na msichana wa bweni anayeona aibu ataificha chini ya godoro ikiwa mbichi na kuivaa hivyo hivyo, hapo mmemuumiza badala ya kumsaidia. Zifumue. Acha kipande cha kunyonya kiwe kirefu cha tabaka moja au mbili kinachokunjwa mara tatu wakati wa kuvaa na kukunjuliwa wakati wa kuanika, kiingie kwenye mfuko, na huo mfuko ndo uwe na kile kitambaa cha plastiki, upana wa vidole vinne tu pale katikati. Upande unaogusa ngozi weka pamba tupu, usidanganyike na hivi vya kung'aa. Mshono usipite katikati kabisa, upeleke pembeni, na lastiki ya miguuni iwe pana na laini, ndo inayoshika kuliko ya kiunoni.

Rangi msiweke nyeupe. Chukueni nyeusi au maua maua kama kanga, ili mtu akianika juani kwenye kamba mpita njia aone nguo tu.

Nikatie sampuli mbili kwa vipimo vya mdogo wako, kiuno na nyonga vyote, usipime kiuno peke yake, uzitume kwa basi la Ijumaa. Avae shuleni siku nzima, acheze na netiboli, afue mwenyewe, afu nitakuambia wapi pamesogea.

Mama yako